Tengeni fungu la kuwazuia samaki wageni kabla Bwawa la Mwache halijajaa

Kwa Waziri anayesimamia uvuvi na uchumi wa buluu. Kwa Waziri wa Maji. Kwa magavana wa kaunti sita za Pwani pamoja na mabunge yao. Na kwa wajumbe wa kamati za bajeti katika Bunge la Taifa na Seneti.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima zinazowastahiki, naomba niwachukulie muda kidogo juu ya jambo ambalo sijapata kuliona katika makadirio yoyote ya bajeti niliyoletewa niyatolee maoni kama mwananchi, nalo ni fedha za kuwazuia samaki wageni wasienee kutoka bwawa moja hadi jingine. Najua linavyosikika. Mji ambao watu huamka saa tisa za usiku kusikiliza kama mfereji umeanza kukohoa, na ambao kwa nyumba nyingi mkokoteni wa mitungi ndio mfereji wenyewe, si mji ambao mtu husimama barazani akazungumzia tabia za perege, samaki wa jamii ya tilapia. Lakini maji hayo tunayoyaamkia hayatoki kisiwani. Tunakunywa ya Mzima, yaletwayo kwa bomba kutoka Taita Taveta tangu miaka ya 1950. Tunakunywa ya chemchemi za Marere na ya visima vya Tiwi kutoka Kwale. Tunakunywa ya Baricho, kando ya mto Sabaki, kutoka Kilifi. Na sasa tunalisubiri Bwawa la Mwache, linalojengwa Kinango, ambalo kwa mipango iliyotangazwa litatoa mita za ujazo 186,000 za maji kwa siku, sehemu kubwa ikielekezwa huku Mombasa. Yanayotokea ndani ya bwawa la jirani, kwa hiyo, ni yetu pia.

Bwawa jipya ni nyumba ambayo bado haina mwenyewe. Mto ukizuiwa ukawa ziwa, samaki waliozoea maji ya kwenda mbio hupungukiwa, na nafasi hubaki wazi kwa yeyote apendaye maji yaliyotulia. Atakayetangulia kuingia na kuzaana ndiye atakayekuwa na kauli juu ya wengine wote kwa miaka mingi. Ombi langu basi ni hili: kabla maji hayajaanza kukusanyika Mwache, liwepo fungu la fedha za umma, lenye jina lake katika bajeti na mtu wa kuulizwa juu yake, kwa ajili ya kuwazuia samaki wageni wasiingie katika mabwawa na malambo ya Pwani wala kuhama kati yake.

Sisemi kwamba serikali haitumii fedha kwa samaki wa maji baridi. Inatumia, tena kwa ukarimu, ila inatumia upande mmoja tu. Mwaka 2009, chini ya mpango wa kuchochea uchumi, fedha za umma zilitengwa kuchimba mabwawa 200 ya kufugia samaki katika kila moja ya maeneo bunge 140, kila bwawa la mita za mraba 300, na kuyatia vifaranga vya tilapia wa Nile na vya kambale. Jambo lile lilikuwa na nia njema, na baadhi ya watu lilitia kitoweo sahanini. Lakini liliacha desturi nyuma yake. Leo kiongozi akialikwa kuzindua lambo, hukabidhiwa ndoo ya vifaranga aimwage majini mbele ya kamera, watu wakapiga makofi na akina mama wakapiga vigelegele, na simsikii mtu akiuliza ndoo ile imetoka wapi, ina samaki wa aina gani, na lambo lile likifurika maji yake huishia wapi. Kusambaza kuna fungu. Kuzuia hakuna.

Nami simo miongoni mwa wasio na lawama, na ingekuwa unafiki kuwaandikia waheshimiwa bila kulisema hilo. Mwaka 2011 nilichimba bwawa la kufugia samaki katika shamba la upande wa mama yangu, huko Kinango. Vifaranga nilinunua kwa mtu aliyekuwa akiviuza kando ya barabara, katika mifuko ya plastiki iliyotiwa maji kidogo na kujazwa oksijeni hadi ikavimba kama mito. Aliniambia ni madume matupu, hawatazaana, nami nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Mifuko ikasafiri miguuni mwangu ndani ya matatu, kisha juu ya bodaboda. Vifaranga vilikuwa vingi kuliko bwawa langu, na kwa kuwa niliona dhambi kuvitupa, vilivyobaki nilivitia katika lambo la kijiji, nikarudi Mombasa nikijihesabu kwamba nimetoa sadaka. Masika ya mwaka uliofuata yakavunja ukingo wa bwawa langu usiku mmoja, na wale niliowabakisha nao wakafuata maji.

Miaka kadhaa baadaye nilikuwa nimekaa ukingoni mwa lambo lile pamoja na mjomba wangu, watoto wakivua kwa kipande cha chandarua kikuukuu. Mmoja wao akainua samaki jike wa ukubwa wa kiganja, na yule samaki, kwa mshtuko, akafungua kinywa, wakamwagika makinda kutoka mle kinywani, madogo, yenye macho meusi, yakawa yanarukaruka juu ya tope kama ufuta uliopata uhai. Mtoto akayahurumia. Akayazoa kwa viganja viwili, mara tatu, akayarudisha majini, na mama yao akamtia kwenye mfuko wa kwenda nyumbani. Mjomba akamwomba amtoe kidogo. Akautandaza mkia wake kwa vidole viwili, akanionyesha mistari myeusi iliyosimama, imepangana kama milia ya mkeka, akasema perege aliokuwa akiwavua hapo tangu utoto wake hawakuwa na mikia ya namna ile, na kwamba hao wa zamani hawaoni tena. Sikumwambia kwamba niliwaleta mimi. Mjomba ameshatangulia mbele ya haki, na hii ndiyo mara ya kwanza ninaliandika.

Mistari ile mkiani ndiyo alama rahisi zaidi ya kumtambua tilapia wa Nile, samaki ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita sato na Wakenya wengi humwita ngege. (Hata jina hilo la ngege si lake. Asili yake lilikuwa la samaki mwingine, mwenyeji wa Ziwa Viktoria, ambaye mgeni huyu alimsukuma akatoweka karibu kabisa katika ziwa lile, kisha akamrithi jina.) Na yale makinda yaliyomwagika kinywani ndiyo maelezo ya kwa nini kazi ya kumzuia haina nafasi ya uzembe, kwa kuwa jike wa jamii hii hubeba mayai na watoto wake kinywani mpaka waweze kujitegemea, hivyo lambo zima laweza kuanza na samaki mmoja aliyepita kwenye wavu uliotoboka. Kuhusu wale madume matupu wa kando ya barabara, ukweli ni kwamba vifaranga hugeuzwa kuwa madume kwa kulishwa homoni katika majuma yao ya mwanzo, na ikifanywa bila uangalifu majike kadhaa hubaki. Majike kadhaa yanatosha sana.

Waswahili tulisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa samaki mambo yamekuwa kinyume, na kinachomuua mwenyeji mara nyingi si kuliwa wala kunyimwa chakula, bali kuozeshwa. Tilapia hawa huchanganya damu kwa urahisi. Mfano uko hapa hapa nchini. Mwaka 1925 perege wa jamii ya mto Athi alipelekwa Ziwa Naivasha, akastawi. Mwaka 1956 akaletwa tilapia wa aina nyingine, wakazaana wao kwa wao, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 yule wa kwanza alikuwa hapatikani tena ziwani humo. Hakuna aliyemvua akamaliza, aliyeyuka tu ndani ya kizazi cha mwenzake. Jamii hiyo hiyo ya perege, ambayo wataalamu huiita Oreochromis spilurus, ndiyo yenye asili ya mto wa Athi, Galana na Sabaki, yaani mto uleule tunaochimba visima kandokando yake kule Baricho. Na ndani ya mipaka ya Pwani yetu lipo Ziwa Chala, pale mpakani Taveta, ambamo anaishi tilapia asiyekuwapo mahali pengine popote duniani, naye leo amewekwa katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, huku tilapia wa kuletwa wakiogelea naye katika maji yale yale. Ziwa hilo halina mto unaoingia juu ya ardhi. Samaki wageni waliomo walifika kwa mikono ya watu.

Waziri wa Maji huenda akadhani mpaka hapa kwamba barua hii haimhusu. Inamhusu kuliko mwingine yeyote, na sababu yake ni samaki aitwaye kapi. Huyu asili yake ni Ulaya na Asia, na mlo wake uko chini: hufukua tope kwa kinywa, akavuta na kutema, akang'oa mimea ya maji, akayatibua maji mchana kutwa. Alionekana Naivasha kwa mara ya kwanza mwaka 2001, bila mtu kumpeleka kwa makusudi, akidhaniwa kutoka katika mabwawa ya ufugaji kule juu mitoni, na haikuchukua hata miaka kumi akawa ndiye sehemu kubwa ya samaki wanaotegwa ziwani humo. Wavuvi wa Naivasha hawalalamiki sana, kwa kuwa anauzika. Naivasha, hata hivyo, si bwawa la kunywesha mji. Kwa bwawa kama Mwache, kila tope linaloinuliwa kutoka chini ni chujio linaloziba mapema zaidi, ni shabu na klorini ya ziada, na ile mbolea iliyokuwa imelala chini ya tope ikipanda juu hulisha mwani, nao mwani huleta harufu na ladha ambayo mteja hataisamehe. Mhandisi wa maji ataziona gharama hizo katika hesabu zake za dawa kila mwezi bila kujua kwamba anachokilipia ni samaki. Ndiyo maana nasema fungu hili lisiachiwe idara ya uvuvi peke yake. Anayeuza maji ana maslahi zaidi ya anayeuza samaki.

Tena mabwawa hayaishi kila moja kivyake. Kule mto Tana, Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere yamepangwa kama ngazi juu ya mto mmoja, na Masinga, lililokamilika mwaka 1981, leo wavuvi wake hutegemea zaidi tilapia wa Nile na kapi, ambao wote wawili si wenyeji wa mto huo. Mto ule unaishia Kipini, kwetu. Afrika Kusini walichimba mfereji wa chini ya ardhi wa urefu wa takriban kilomita 83, ukafunguliwa mwaka 1975, wa kuyavusha maji ya mto Orange hadi bonde la mto Great Fish, ambalo halikuwa likikutana na Orange kamwe. Maji yakafika. Pamoja nayo wakafika samaki wa Orange wa aina kadhaa, akiwamo kambale, wakaweka makazi katika mto ambao mababu zao hawakuwahi kuuona. Nalitaja hilo kwa sababu kila mpango wa maji wa Pwani unaosikika siku hizi ni wa kuyahamisha maji kutoka bonde hili kwenda bonde lile, na katika michoro yake hatuambiwi chochote kuhusu viumbe watakaosafiri ndani ya bomba yakiwa maji ghafi.

Sasa nije kwenye hesabu, kwa kuwa najua kamati ya bajeti haisikilizi hadithi. Katika jimbo la California, Marekani, kuna bwawa liitwalo Lake Davis. Mwaka 1994 alionekana humo samaki mgeni aitwaye paiki, mla wenzake, na ikahofiwa kwamba akiteremka mtoni atawamaliza samaki wa thamani wa kule chini. Mwaka 1997 serikali ya jimbo ikalitia bwawa zima sumu ya rotenone. Waheshimiwa wenye asili ya vijijini wanaijua sumu hiyo kwa ubini wake, kwa kuwa utupa wetu, ule mmea ambao wazee waliupondaponda wakautia kwenye vidimbwi samaki wakaelea wamelewa, una dawa ya ukoo huo huo. Bwawa lile ndilo lililokuwa likiunywesha mji mdogo wa Portola, na wakazi wakapinga kwa hasira, na jimbo likaishia kulipa mamilioni ya dola za fidia. Baada ya miaka miwili tu, mwaka 1999, paiki akaonekana tena. Mwaka 2007 wakalitia sumu kwa mara ya pili. Hao ni watu wenye maabara, helikopta na hazina isiyokauka. Kule Chicago nako, ili kuwazuia kapi wa aina nyingine walioletwa katika miaka ya 1970 kusafisha mabwawa ya ufugaji wakatoroka, wanategemea kizuizi cha umeme kilichomo ndani ya mfereji tangu mwaka 2002, na kizuizi hicho sharti kiwake usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka, bila mtu kuthubutu kukizima. Mimi nikiyafikiria mabwawa yetu na hivi umeme wetu unavyopotea pakinyesha, hucheka kwa uchungu.

Lakini hatuna haja ya kwenda Marekani. Mombasa inamjua kunguru. Aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili ale taka, akavuka, na kufikia mwaka 1947 alikuwa ameshaonekana Mombasa. Leo hatukai Mama Ngina tukala mihogo bila kuilinda kwa mkono, na ndege wadogo waliokuwa wakitaga katika miarobaini ya Majengo wamebaki katika masimulizi. Mwaka 2024 serikali ilitangaza nia ya kuwaua kunguru milioni moja kwa sumu maalumu. Kunguru anaonekana, anapiga kelele, anaiba, na bado imetuchukua miongo kadhaa kumtengea fedha. Samaki yuko chini ya maji, hana sauti.

Ripoti ya jopo la kimataifa la bioanuwai, IPBES, iliyotolewa mwaka 2023, inakadiria kwamba viumbe vamizi viliigharimu dunia zaidi ya dola bilioni 423 katika mwaka 2019, na kwamba asilimia 92 ya gharama hiyo ni hasara, wakati asilimia 8 tu ndiyo iliyotumika kuwazuia na kuwadhibiti. Nimeitaja takwimu hii si kwa kuwa ni kubwa, maana takwimu kubwa zimetuzoea, bali kwa ajili ya ule mgawanyo wake.

Nitaulizwa, na ni haki niulizwe, kama nataka watu wasile. Tilapia wa Nile hukua upesi, hula karibu kila kitu, na mama mwenye watoto watano kule Samburu ya Kwale hajali mistari ya mkia. Sangara naye aliwamaliza fulu, samaki wadogo wenyeji wa Ziwa Viktoria, kwa mamia ya aina, lakini alijenga viwanda na akasomesha watu. Siyapuuzi hayo. Sitaki bwawa hata moja la mfugaji lifukiwe. Ninachotaka ni kutofautisha kati ya kufuga na kuachia. Anayefuga ng'ombe hujenga zizi, na hakuna anayemwona katili kwa kumwambia asiache ng'ombe wake waingie shamba la jirani. Vivyo hivyo bwawa la kufugia lililochimbwa juu ya kiwango cha mafuriko, lenye wavu wa waya wa matundu madogo kwenye bomba la kutolea maji, na lenye mtu wa kuja kulikagua kabla ya masika na kabla ya vuli, linaweza kuwa na sato wake na jirani akabaki na perege wake. Wavu huo wa waya si ghali. Kwa mfugaji mmoja aliye peke yake, hata hivyo, ni gharama isiyomletea yeye faida yoyote, kwa kuwa faida yote inakwenda kwa walioko chini ya mto, na gharama ya namna hiyo ndiyo hasa kodi zetu zilikusudiwa kuilipa.

Kwa sababu hiyo sehemu ya kwanza na kubwa ya fungu ninaloomba iende katika nyavu hizo na katika maofisa wa ugani wenye pikipiki na mafuta ndani yake, kwa kuwa ofisa asiye na mafuta ni jina kwenye karatasi. Sehemu nyingine iende katika kituo cha kuzalishia vifaranga vya perege wa asili wa mito ya Pwani, kwa maana huwezi kumkataza mtu kununua vifaranga vya kando ya barabara kama huna vya kumuuzia. Watasema perege wetu hukua polepole. Ni kweli, na sato naye aliyepo mabwawani leo hakuzaliwa akiwa hivyo; amechaguliwa kizazi baada ya kizazi na watu waliolipwa kufanya kazi hiyo, na sijui kwa nini perege wa Sabaki asipewe miaka yake ya kuchaguliwa. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya ina makao yake makuu hapa hapa Mombasa, Mkomani, na wataalamu wake hawahitaji kuagizwa kutoka nje. Hao hao wapewe fedha za kuchukua chupa za maji kutoka kila bwawa mara mbili kwa mwaka na kuisoma DNA iliyoachwa na samaki ndani yake, njia ambayo siku hizi huwatambua wageni wangali wachache, kabla wavu haujawanasa.

Kuhusu Mwache lenyewe sina maneno mengi. Pasimwagwe ndoo yoyote ya vifaranga siku ya uzinduzi, hata ikiwa ndoo hiyo imefungwa utepe. Wahandisi waulizwe mapema ni aina gani ya chujio itakaa kwenye mlango wa kutolea maji. Boti na nyavu zitakazoingia zitoke mahali panapojulikana, zikiwa zimeoshwa na kuanikwa juani zikakauka kabisa. Malambo yaliyo juu ya bwawa, katika bonde zima la mto, yakaguliwe sasa, kwa kuwa yakifurika yatamwaga humo kila kilichomo, pamoja, kwa aibu yangu, na watoto wa wale wa kwangu.

Sheria hazitukosi. Katiba, katika Kifungu cha 69, inaitaka Serikali ilinde bioanuwai. Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016 inampa mwenye mamlaka nguvu juu ya samaki hai wanaoingizwa. Na mwaka 2022, kule Montreal, mataifa yalikubaliana kwamba ifikapo 2030 kasi ya viumbe vamizi kuingia na kuweka makazi ipunguzwe kwa angalau asilimia 50. Kilichokosekana ni shilingi. Hapa ndipo ninapowaomba magavana wasisukumiane. Mombasa haina bwawa, na kwa hiyo itasema si kazi yake. Kwale ina bwawa lakini maji yake yanakuja Mombasa, na kwa hiyo itasema alipe anayekunywa. Na mito haijui mpaka wa kaunti. Jumuiya ya Kaunti za Pwani iliundwa kwa ajili ya mambo ya namna hii. Ninapendekeza kila kaunti iweke sehemu yake humo, Mombasa ikitangulia na ikitoa zaidi kwa kuwa ndiyo inayokunywa zaidi, na Serikali Kuu iongeze kutoka katika fedha za mradi wa bwawa lenyewe, kwa sababu kinga ya bwawa ni sehemu ya bwawa kama ulivyo ukuta wake. Mimi niko tayari kulipa senti chache zaidi katika bili yangu ya maji kwa ajili hiyo, mradi nionyeshwe zilikokwenda, na mfereji nao utoe kitu.

Kalenda waheshimiwa mnaijua kuliko mimi. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti huwasilishwa kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio kufikia tarehe 30 Aprili. Jambo lisiloandikwa katika ule wa kwanza huwa vigumu kuliingiza katika ule wa mwisho. Mkao wa maoni ya wananchi utakapotangazwa nitafika, nitakaa nyuma kama kawaida ya wazee, na zamu yangu ikifika nitauliza fungu hili liko ukurasa wa ngapi.

Na kama kuna mjumbe wa kamati yeyote angependa kuliona lambo lile la Kinango kwa macho yake, nitamwongoza mwenyewe. Ila tuvuke Likoni kwa feri ya alfajiri, tufike kabla ng'ombe hawajaingia kunywa na kuyatibua maji.

Wenu mtiifu,

Mkazi wa Majengo, Mombasa